Waya ya Milioni, Keja ya Ngiri Nane

Kaa rada, leo tunabonga waya.

Si ya stima. Si ya kuanika nguo. Ni ile fupi inatoka kwa CD player, ama turntable, ama DAC (ka-box ka kugeuza digital iwe saundi), inaingia nyuma ya amplifaya. Wasee wa hi-fi wanaiita interconnect. Mtaani ni waya ya AV: nyekundu na nyeupe, na ile ya njano inabaki kuning'inia coz hakuna picha inapeleka. Plug yake inaitwa RCA, juu Radio Corporation of America ndio walileta hiyo design miaka ya 1930. Imezidi shosho wako umri. Ukishuka Luthuli Avenue unaokota moja na soo mbili, na bado unabembeleza ishuke hadi soo na finje.

Sasa shika kiti. Kuna kampuni ya Marekani inaitwa Nordost, iko Massachusetts. Wako na interconnect inaitwa Odin. Mita moja, pair moja, inapita dola 10,000. Weka dola kwa 130 hivi. Hiyo ni milioni moja na laki tatu. Ya waya. Mita moja. Hiyo chapaa inatoa nduthi kadhaa mpya, na fuel, na helmet ya customer.

Swali ni moja: msee wa waya ya milioni na wewe wa waya ya soo mbili, masikio yatajua nani ni nani? Jibu langu ni zi. Zi kabisa. Waya ikishatengenezwa poa, imefika. Doo yoyote juu ya hapo unalipia macho, jina, na box iko na kitambaa laini ndani. Lakini kuna place mbili waya inaweza kukuchoma ukweli, na hizo ndio hakuna muuzaji anakushow. Tulia nikuchanue.

Kazi ya waya ni gani?

Tuanze na hesabu. Usitoroke, ni ya darasa la mtaa.

CD player ikipiga juu kabisa inatoa volti 2 hivi. Amplifaya inaipokea na ukinzani wa om 10,000 hadi 47,000. Gawanya 2 kwa 10,000: miliampia 0.2. Karenti kidogo mpaka ni aibu. Waya yenyewe ya mita moja, hata ile ya soo mbili, ukinzani wake haufiki om moja. Om moja mbele ya om 10,000. Nani ataiskia? Hakuna.

Hapo ndio wanakuja na silva. Ati silva inapitisha umeme poa kuliko shaba. Ni ukweli, inashinda shaba na asilimia 6 hivi. Lakini asilimia 6 ya kitu haifiki om moja ni ngapi? Ni hewa. Umelipa silva, umepata hewa. Stori za jaba.

Na dhahabu? Hii itakuumiza: dhahabu inapitisha umeme vibaya kuliko shaba. Iko kwa plug kwa kazi moja tu, kukataa kutu. Ukiishi Nai hiyo si stress kubwa. Ukiwa Mombasa, Likoni ama Nyali, hewa ya chumvi inakula plug mbovu hadi spika inaanza kukwaruza ukigusa waya. Huko gold plating ni ya maana. Na ni rangi nyembamba tu. Haihitaji bei ya pete ya harusi.

Kitu moja kwa waya ndio inaweza guza saundi: kapasitansi. Waya mbili zikikaa karibu zinashika chaji, na hiyo chaji inakula treble. Inapimwa na pikofaradi. Waya mingi za RCA zinacheza kati ya 40 na 200 kwa kila mita. Sasa piga hesabu na mimi. Source, yaani ile CD player ama DAC, ya om 200, waya ya pikofaradi 100. Treble inaanza kukatwa wapi? Karibu megahezi 8. Masikio yako, ukiwa bado fresh na hujaharibiwa na nganya za Umo, yanafika kilohezi 20. Megahezi 8 ni mara 400 juu ya hapo. Hata popo hafiki huko.

Kwa hivyo msee akikushow "hii waya imefungua treble", muulize amefungulia nani. Popo?

Wazee na theory zao

Kila keja iko na mbuyu expert. Ni yule aliunganisha spika za sebule na meno. Anavua ganda na meno, anasokota na vidole, anafunga na selotepu, halafu anakuangalia serious: "Waya ikiwa nene, sauti inatoka nene." Mzae, tafadhali. Unene unasaidia waya ya spika, juu huko karenti ni ya ukweli na spika ni om 4 ama 8. Interconnect haibebi huo mzigo. Unene unaona hapo ni plastiki.

Mathe naye ni vitambaa. Kitambaa kwa TV. Kitambaa kwa kochi. Kitambaa juu ya amplifaya, tena juu ya yale matundu ya kutoa joto. Amp inaiva polepole, siku moja inazima, halafu mathe anasema vitu za siku hizi hazidumu. Mathe, umeivalisha sweta Januari!

Usidhani mzee akiwa na ganji ndio amechanuka. Kuna design ya mzee wa Karen, ako na chumba ya kuskia ngoma tu, kiti moja katikati, na whisky. Huyo theory zake ni za bei. Ati waya mpya lazima icheze masaa mob ndio ikomae. Shaba haikomai. Chenye kinabadilika ni masikio yakizoea. Ati waya isiguse carpet, kwa hivyo ananunua tuviti twa kauri twa kuiinua. Anaenda kulala akijua waya yake iko juu ya kiti na mtu wa lindo amesimama nje. Mzee ni mzee, hata akiwa Karen.

Kitu moja watu wanacheka nayo vibaya ni ile mshale kwa waya. Ati muziki ina direction. Muziki haina. Ni karenti ya kwenda na kurudi, mara elfu kwa sekunde. Lakini kwa waya zingine huo mshale uko na sababu: shield, lile vazi la chuma la kuzuia kelele, imeunganishwa upande moja tu, na huo upande unafaa kukaa kwa source. Kwa hivyo fuata mshale, halafu wachana na stori ingine yote.

Beef za waya

Hii game imeona drama, usidhani ni ya wapole.

2007, James Randi, yule msee wa mazingaombwe alikuwa akianika matapeli, akaweka dola milioni moja mezani. Masharti rahisi: tofautisha waya za spika za Pear, model ya Anjou, zenye bei ilipita dola 7,000, na za Monster. Bila kuona. Na masikio tu. Kelele ikawa mob, mwandishi moja wa hi-fi akasema yuko ready, lakini Pear wakajitoa na test haikufanyika. Dola milioni ikabaki mezani. Jiulize: waya yako ikiwa usiku na mchana na ya jirani, na kuna milioni ya dola hapo, unajitoa aje?

2008 ikakuja ingine tamu. Monster Cable wakatumia barua kampuni ndogo ya Seattle inaitwa Blue Jeans Cable, ati plug zao zimefanana na za Monster, waache. Kampuni kubwa inatisha ndogo, si unajua. Shida ni mwenye Blue Jeans, Kurt Denke, alikuwa wakili wa kesi kabla aingie kwa waya. Akajibu na barua ndefu, point kwa point, akawaambia walete ushahidi ama waende zao, na kutishwa hatishwi. Hiyo barua ilizunguka dunia. Monster wakanyamaza. Ikiwa kuna msee wa waya anafaa mural hapo Buru, ni huyo.

Brandi kwa brandi

Sasa tulinganishe, juu ndio tuko hapa. Nakupea kila moja na chenye iko nayo, bila kubembeleza.

*Nordost.* Waya zao za spika ni flat, zimekaa utepe, na insulation ni za familia ya Teflon. Teflon ni insulation ya ukweli, kapasitansi inabaki chini, hiyo nawapea. Looks? Kali. Bei ya Odin? Nilishakushow. Kwa waya ya mita moja, hiyo design poa imeisha kitambo kabla ya kufika hiyo bei.

*AudioQuest.* Bill Low alianza 1980 huko California. Wako na kila bei, kutoka ya mtu wa kawaida hadi ya mzee wa Karen. Zile za juu ziko na betri. Eeh, betri. Volti 72, imebandikwa kwa waya, na haigusi hata signal. Ati inatuliza insulation. Waya iko na betri na simu yako inazima saa kumi jioni. Hizo za chini zao lakini zimetengenezwa vizuri, plug inashika, shield iko. Hapo chini ndio kuna value.

*Kimber.* Ray Kimber, Ogden, Utah, tangu 1979. Wanasuka waya, ukiangalia unadhani imetoka kwa msusi wa Kenyatta Market. Kusuka kunapunguza kelele, lakini model yao maarufu, PBJ, haina shield. Kwa bungalow ya shamba, sawa. Kwa flat ya Pipeline, router kumi na tano kwa floor moja na simu kila mahali? Mimi siweki yangu bila shield.

*Cardas.* George Cardas, Oregon, 1987. Nyuzi zake amepanga na golden ratio, ile ya wahenga wa Ugiriki, kila uzi na unene wake. Laini kwa mkono, solder safi, na watu wanaonunua wanakaa nayo miaka. Lakini hesabu ya om na pikofaradi haijui Ugiriki.

*Van den Hul.* Waholanzi. Wako na moja inaitwa The First, na haina chuma: ni kaboni. Ukinzani wa kaboni uko juu sana kuliko wa shaba. Na bado wasee wanaisifu, ati tamu! Umeona? Waya "mbaya" kwa ukinzani inacheza fiti, juu ukinzani hapo si kitu. Wao wenyewe wamemaliza hoja ya silva na hawajashtuka.

*Blue Jeans.* Wale wa barua. Model ya LC-1 ni coax, waya moja katikati na shield nzito kuizunguka, pikofaradi 40 kwa mita. Pair fupi iko chini ya dola 100. Na wanaandika namba kwa tangazo, mchana peupe. Hiyo ndio heshima. Msee anakuuzia waya na hataki kukushow pikofaradi ni ngapi anakuuzia giza.

Verdict? Ukiweka hizi zote kwa CD player moja, amp moja, volume moja, ukafunika macho, hakuna mtu atakushow ni gani ni gani. Ukinunua ya milioni na spika zako ni zile za kuokota, ni kuvaa Jordan original na suruali imepasuka matako. Watu wanaona zote mbili.

Place ya kwanza ya kuchomeka: ile mmmmm

Unaijua. Umechomeka laptop kwa amp, unaweka ngoma, inabamba. Laptop inasema battery low. Unaweka charger. Mara: mmmmmmm. Manzi anauliza ni nini hiyo. Unachoma picha.

Hiyo ni ground loop. Stima yetu ni volti 240, hertz 50. Amp iko na earth yake, charger ya laptop iko na yake, na wewe umeziunganisha tena na RCA. Sasa kuna njia ya mzunguko kutoka earth hadi earth, na karenti ya stima inazunguka hapo ikipitia shield ya waya yako. Amp haijui ni takataka, inaipaza tu. Decoder yenye waya ya dishi inaleta hiyo hiyo.

Waya ya milioni haitoi hiyo kitu. Rudia na mimi: haitoi. Chenye kinatoa ni hizi:

Weka kila kitu kwa extension moja. Hiyo pekee inamaliza kesi mob.

Ikikataa, na source yako na DAC ziko na tundu la optical, tumia hiyo. Toshiba walileta TOSLINK 1983, ni mwanga unapita, hakuna shaba, kwa hivyo hakuna njia ya karenti kuzunguka. Kimya. Waya ya mwanga ya bei ya lunch inashinda Odin hapo, na sibishani.

Ikikataa tena, kuna ka-box kanaitwa ground loop isolator, ndani ni transfoma ndogo. Luthuli iko, kwa maduka ya car sound.

Na skia hii vizuri, hapa sichezi: usikate ile pini ya earth. Kuna mafundi na mbuyu kadhaa wanapenda hiyo solution, wanatoa earth, mmmm inaisha, wanakula soda. Amp iko na body ya chuma. Siku waya ya live ndani iguse hiyo body, earth ndio ingekuokoa. Hakuna ngoma ni tamu kuliko roho yako.

Wasee wa nganya wanajua hii vita kwa njia yao. Amp iko nyuma, deki iko mbele, RCA inatembea gari mzima. Fundi mbovu anaipitisha upande moja na waya nene ya battery, na dere akikanyaga mafuta unaskia wiiiiii inapanda na engine. Fundi anajua anapitisha power kushoto, RCA kulia. Waya ni ile ile. Njia ndio imebadilika.

Na umewahi kujiuliza kwa nini crusade ya kanisa inavuta waya ya maiki kutoka stage hadi mixer, mita kibao, na hakuna mmmm? XLR. Pini tatu. Signal inatumwa mara mbili, moja imegeuzwa. Mwisho wa safari mashine inatoa moja kwa ingine: muziki inabaki, kelele ilidandia zote mbili inakufa. Ikiwa DAC yako na amp yako ziko na XLR za ukweli, tumia hizo na waya ya maiki ya kawaida ya duka la PA. Pastor hajawahi kununua waya ya milioni na anaskika hadi Kayole.

Place ya pili: turntable

Santuri zimerudi, na wewe unajua. Kenyatta Market, kati ya nyama choma na wasusi, kuna vinyl za benga na rumba zimepangwa hadi juu. Kuna wasee wanashinda hapo Saturday mzima. Design poa. Hapa sasa waya ina maana, kwa hivyo fungua macho.

CD inatoa volti 2. Cartridge ya turntable inatoa milivolti kadhaa tu. Audio-Technica AT-VM95E, ile watu wengi wanaanza nayo, ni milivolti 4. Mara 500 chini. Kelele kidogo inageuka kelele mob, so shield ni lazima, na ka-waya kale ka ground kafungwe kwa amp. Usikaache kakining'inia.

Lakini shida kubwa ni ile kapasitansi tulisema ni hewa. Kwa cartridge ya magnet si hewa. Ndani ya hiyo AT kuna koili ya milihenri 550, na koili pamoja na kapasitansi zinatengeneza mlima kwa treble. Audio-Technica wanasema weka jumla ya pikofaradi 100 hadi 200. Ikiwa 150, mlima unakaa kama kilohezi 17, huko juu mbali, poa. Sasa nunua waya mbovu ndefu, jumla ifike 400. Mlima unashuka hadi karibu kilohezi 11, ndani ya muziki yenyewe. Cymbal zinakuwa kali zinadunga, kila "s" ya msanii inapiga filimbi, halafu juu ya hapo kila kitu inapotea.

Na usisahau jumla ni jumla: waya iko ndani ya mkono wa turntable, interconnect, na input ya phono yenyewe. Kwa hivyo hapa chagua waya ya pikofaradi chache, na fupi. Mita moja. Si tatu ndio turntable ikae kwa dirisha ionekane na majirani.

Umenotice kitu? Hii place moja yenye waya inabadilisha saundi, dawa si bei. Ni namba. Coax ya dola hamsini inaweza kuchapa ya laki, ikiwa ya laki iko na pikofaradi mob.

Test ya mtaa

Rafiki amekuja na waya ya bei, anasema amesikia difference. Usibishane na mdomo. Fanya hivi.

Weka ngoma unaijua hadi ndani. Mimi nasema *Sina Makosa* ya Les Wanyika, juu solo, rhythm na bass kila moja iko na njia yake, na ukipoteza moja unajua saa hiyo. Mtu wa tatu anakaa nyuma ya amp, anaficha na leso. Anatupa coin kila round: upande moja ni waya ya bei, ule mwingine ni ya soo mbili. Volume hairuhusiwi kuguswa. Hata tone. Juu kitu ikiwa na sauti kidogo zaidi, ubongo unaiita "safi zaidi", na hapo ndio wauzaji wengi wanakula.

Round kumi. Msee wa waya ya bei anasema ni gani. Akipata tano ama sita, amebahatisha tu. Mwambie alete 9 kwa 10, juu nafasi ya kufika hapo kwa bahati ni kama moja kwa mia. Akifika, nunua yake. Asipofika, ananunua chapo mandondo ya watu wote. Hizi ni sheria za mtaa na haziandikwi.

Ukishuka Luthuli

Sasa una bajeti na hutaki ufala. Sikia.

Shika plug. Inafaa kukaza kwa tundu, si kucheza. Plug imelegea ndio inaleta ile spika moja inakufa hadi upige amp kofi.

Pinda waya pale inaingia kwa plug. Kama inapinda kali bila ka-rubber ka kuisaidia, itakatika hapo ndani. Zile nyembamba za spaghetti ndani yake ziko na nyuzi mbili tatu za kuzunguka zinaitwa shield kwa heshima tu.

Omba ku-test pale dukani. Weka kabambe yako juu ya waya, ile simu ya 2G, mtu akupigie. Ukiskia tit-ti-tit, tit-ti-tit kwa spika kabla simu iite, shield ni ya uongo. Rudisha. Hiyo test haina bei na hakuna muuzaji anaipenda.

Nunua urefu unahitaji. Mita tatu imekunjwa nyuma ya TV ni antena umejijengea.

Ukitaka kutengeneza yako, swag ya ukweli, usinunue waya ya dishi ati ni coax. Nyingi shield yake ni aluminiamu na solder haishiki hapo, utachoma kidole na plastiki. Nunua waya ya maiki kwa duka la PA, plug nne za chuma, na umtafute fundi ako na mkono safi. Mbuyu na meno yake wabaki sebuleni.

Na ganji ilibaki? Spika kwanza. Ex-UK ya jina poa inachapa woofer mpya ya kumeremeta siku yoyote. Halafu placement: toa spika kwa kona, tweeter ikae level ya masikio, wewe na spika mbili mtengeneze pembe tatu. Halafu room. Keja zetu ni tiles na kuta za simiti, ngoma inaruka tu, unaijua. Carpet moja nene na mapazia mazito yanaleta difference hata mtu hajali hi-fi ataiskia. Mathe na mapazia yake ya kufagia floor alikuwa right miaka yote. Kwa bahati. Vitambaa bado ni zi.

So, next time msee akikutolea stori ya interconnect ya bei kwa sherehe, usicheke, usibishe. Muulize vitu mbili tu: ni pikofaradi ngapi kwa mita, na shield imefungwa upande gani? Akijibu, kaa chini mbonge, huyo ni mtu wako. Akianza na "inafungua treble", omba aux uweke ngoma. Doo yako iko kwa spika, na watu wamekuja kudunda.